Kipimo cha Januari

Lancashire, 19 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui nyie huko. Baba anaendeleaje? Bado kila Jumapili anafungasha viatu vyake vya raga na kukaa dirishani kungoja basi la timu? Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu anapokea yeye, ananiuliza nachezea klabu gani, kisha anakata.

Kocha ameniahidi kwamba nikikaza hadi Septemba nitapata mkataba wa miaka miwili, kazi ya ghalani niiache. Jana tulipimwa vichwa kwenye kompyuta. Unakumbuka maneno, unabonyeza kitufe taa ikiwaka. Ukigongwa kichwa katikati ya msimu unapimwa tena, wanalinganisha na alama za Januari. Basi wajanja tunajifanya mbumbumbu Januari! Nimekosea makusudi mpaka daktari akanionea huruma. Sasa hata nikigongwa na treni nitaonekana niko vilevile. Usimwambie mtu.

Mwanao,
Kieran

Featherstone, 2 Februari

Kieran mwanangu,

Marahaba. Hatujambo kiasi. Baba yako amekula pai na njegere, halafu akalalamika kwamba tangu asubuhi hajapewa kitu. Jirani yetu Doreen anakusalimu: "Mwambie asizidishe maji ya Lancashire, atasahau kwao." Zamani ningecheka.

Hiyo habari ya kipimo imeninyima raha. Baba yako naye alikuwa mjanja. Enzi zake alipogongwa kichwa walimnusisha chumvi kali ya kumzindua, wakamkamulia sifongo ya maji baridi shingoni, akarudi uwanjani akiuliza upande wetu ni upi. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Nakuomba urudi kwa daktari ukamwambie ukweli, akupime upya.

Mama yako

Lancashire, 24 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Pasaka ilituchosha, mechi Ijumaa Kuu na nyingine Jumatatu. Ijumaa nililikaba jitu moja, goti lake likanipata sikioni. Wananiambia kipindi cha pili nilifunga trai. Nimeitazama kwenye video, kweli ni mimi. Nilipopimwa nikapata alama zilezile za Januari, Jumatatu nikacheza. Wenzangu sasa wananiita Kichwa Kigumu.

Mwanga wa simu unaniumiza macho, kwa hiyo barua ni afadhali. Juzi nilihangaika na ufunguo kwenye mlango wa watu nikidhani ni kwangu. Mwenye nyumba alicheka sana. Usiwe na wasiwasi, mkataba unanukia.

Mwanao,
Kieran

Lancashire, 12 Mei

Mama,

Daktari aliniita mbele ya kocha. "Mama yako alikuwa hapa," akasema. Wamenipeleka hospitali, wamenichunguza, nimesimamishwa msimu mzima. Mkataba amepewa mtu mwingine. Timu nzima imepimwa upya, wawili wameondolewa, na hakuna anayenisemesha. Mmoja alinitemea mate miguuni: "Msalimie mama."

Ulipanda treni mpaka huku, ukapita mlangoni kwangu, hata chai hukuingia kunywa. Nilikwambia siri yangu kwa sababu wewe ni mama yangu.

Usiniandikie tena.

Kieran

Featherstone, 28 Septemba

Kieran mwanangu,

Hujambo? Kichwa kinaendeleaje? Unalala? Barua zangu za kiangazi hukuzijibu, na hii pia huenda usiijibu, lakini nitaendelea kukuuliza.

Msimu umekwisha, na najua mwezi huu ungekuwa wa kusaini. Nilikunyang'anya mimi, na sikuombi msamaha kwa hilo. Siku ile nilisimama mbele ya mlango wako, mkono umeshafika kwenye kengele. Nilijua ukinikaribisha chai nitashindwa kwenda kwa daktari. Ndiyo maana sikuingia, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili baba yako alifungasha viatu kama kawaida. Nilipompelekea chai alisimama, akanipa mkono kwa adabu. "Asante, bibi," akasema. "Na wewe mumeo anacheza leo?" Nikamjibu ndiyo, anacheza. Akaniambia nisiogope, mume wangu atarudi salama. Nikakaa naye dirishani tukangoja basi mpaka giza likaingia.

Basi nichukie, mwanangu. Nichukie mpaka uzeeni, mradi siku zote umkumbuke unayemchukia.

Mama yako