Mpaka Kijidudu Kipate Jina

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Shemeji na wanangu wa hapo hawajambo? Mgongo wako je, umepata nafuu, au bado unabeba ndoo mbili kwa mpigo kwa ubishi tu? Sisi huku tu wazima. Binti yangu Kasuku naye mzima, na ni kwa ajili yake nimeshika kalamu, maana nina dukuduku na leo nalitoa.

Ile homa yake uliisikia juu juu tu. Ilimpanda ikagoma kushuka. Macho yakawa mekundu bila matongo, midomo ikapasuka, mikono ikavimba hata kijiko hashiki. Mtoto anayeongea mpaka usingizini akanyamaza kimya. Muuza dawa alisema ni mafindofindo, jirani akasema surua. Nilipomfikisha hospitali, daktari wa watoto alimtazama ulimi na vidole, akauliza homa ilianza lini, akamlaza papo hapo na kumtundikia dripu. Alisema mishipa ya damu imevimba, na inayohofiwa zaidi ni ile ya moyo.

Nilimuuliza maradhi hayo yametoka wapi. Akajibu bila kuzunguka kwamba hakuna anayejua. Wataalamu wanashuku kijidudu fulani, pengine si kimoja, kinachowapitia watoto wengi bila kishindo, ila kwa mtoto mmoja mmoja mwili unashtuka na kuanza kujipiga wenyewe. Wamekitafuta miaka na miaka, hawajakikamata. Lakini alinisisitizia kwamba ugonjwa huu mtoto hamwambukizi mwenzake.

Mama mkwe, aliyekuwa kando yangu, alisikia neno moja tu, kijidudu. Mimi nikiwa bado wodini, yeye akarudi nyumbani na kukata shauri kwamba kimekuja na vitambaa vya wateja wangu, kwa kuwa Kasuku huchezea vipande chini ya cherehani. Akabandika sufuria kubwa akachemsha kila alichokikuta. Dada, alichemsha hata satini ya bibi harusi. Niliikuta kwenye kamba imejikunja kama utumbo, na nilipolalamika akaniambia nishukuru, ameokoa watu. Bibi harusi hakushukuru. Aliutangazia mtaa mzima kwa nini kitambaa chake kiliharibika, na haukupita muda mwalimu wa chekechea akaniomba kwa upole Kasuku apumzike nyumbani kwanza, eti wazazi wana wasiwasi. Kijidudu kilichowashinda wataalamu na mashine zao, wazazi wa chekechea wamekiona kwenye begi la mwanangu.

Hayo nimeyameza. Watu baki ni watu baki. Lakini juzi shemeji alipopiga simu kutupa pole, ulimi ulimteleza. Alinisihi nisikuchukie, kwamba ni wewe uliyemwambia mama yetu kuwa Kasuku asije kwenu likizo hii, mpaka wataalamu wapate jina la hicho kijidudu. Mimi mama alikuwa ameniambia hatuwezi kuja kwa kuwa nyumba yenu inapakwa rangi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Wewe, dada, uliyempokea mtoto huyu mikononi kabla hata mimi sijamwona. Nimeumia, na nimekasirika, na sioni haya kukuambia.

Moyo wake umepigwa picha. Mshipa mmoja umebaki umetanuka kidogo. Anameza kidonge kila asubuhi, na picha itarudiwa. Huenda mshipa ukarudi hali yake, huenda usirudi, na kwa hilo sina wa kumlaumu. Kufungiwa mlango ni jambo jingine, hilo lina mwenyewe.

Nisalimie wote hapo. Shemeji usimgombeze, mdomo wake umenisaidia.

Tunakuja Jumamosi. Daktari ameruhusu acheze, ale na alale na wenzake, na Kasuku ananiuliza kama safari hii atalala upande wa ukutani. Sijamwambia lolote. Ukiona hawezi kuingia, fungua mlango umweleze wewe mwenyewe, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka mitano ataelewa, kwa sababu mimi nimeyatafuta nikayakosa.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kasuku