Mzee wa Ndoo Kwenye Kompyuta

Nyuma ya soko,
Singida.
14 Agosti 2002

Mpendwa shangazi Sijaona,

Ndiyo, ni kweli. Ulichosikia huko Kigoma hakijaongezwa chumvi: kampuni yetu ya gemu imekufa, na mke wangu Radhia amerudi kwao Itigi. Shikamoo, shangazi. Ningeanza na salamu ila aibu imenitangulia. Miguu inaendeleaje? Huku wazima, vumbi kama kawaida.

Unauliza tulikuwa tunatengeneza nini. Urbano, yule fundi kompyuta, alikuwa anachukua gemu za nje anazigeuza kichekesho, mimi naleta maneno. Ile ya mashindano ya magari tuliweka matrekta mabovu. Vijana walijaa dukani kwetu kucheza mpaka tukaweka benchi nje.

Halafu ile ya komandoo. Nikamwambia Urbano toa komandoo, weka mzee wa kanzu na ndoo ya asali, anakimbizwa na nyuki vichakani. Akiumwa sana kanzu inabaki kwenye miiba, anaingia stesheni na kaptula.

Mzee yule ni baba mkwe. Yalimpata kweli, akanisimulia mimi peke yangu sebuleni kwake, kama mwanawe. Mimi nikaona biashara.

Mwezi uliopita akaja kuona kazi ya mkwewe, na asali kaniletea. Vijana wanapiga kelele, "Kanzu hiyoo! Kimbia, mzee!" Akasimama nyuma yao akatazama mpaka mwisho. Akasema taratibu, "Miraji, umesahau. Na kiatu cha kushoto kilibaki." Vijana wote wakageuka. Akaweka asali mlangoni, akaondoka bila kukaa. Radhia hata hakunigombeza. Alifungasha nguo akamfuata.

Mimi nina jibu la kila mtu, shangazi, unanijua. Siku ile nilizima kompyuta tu.

Gemu tumeifuta, Urbano kahamia Dodoma. Nimekwenda Itigi kuomba radhi mara mbili. Mzee chai ananipa, ila midomo yangu hii ikaanza utani, nikaharibu mara zote mbili.

Wasalimie Abdulkadiri na mama Saada. Mungu awape afya na riziki.

Sasa tupatane hivi. Panda treni, nitakupokea stesheni Itigi. Kwa mzee useme wewe, mimi nikae mkekani kimya tangu hodi mpaka kwaheri. Nikitoa kichekesho hata kimoja, beba kompyuta uende nayo Kigoma, na Radhia umwambie abaki kwao. Nikinyamaza, niombee arudi. Umekubali?

Mtoto wa kaka yako anayekupenda,
Miraji