Koki Uliyoifunga Rågsved

Baba Furaha,

Tangu tulipokuzika nimekuwa naogopa kukuandikia, na leo naandika kwa sababu ya woga huohuo.

Kazi inaendelea. Bado nazungukia shule na majengo mengine ya manispaa nikiangalia joto na umeme vinavyotumika, na bosi bado anapenda mstari wa matumizi ushuke. Ule wa nyumba ya wazee ya Rågsved ulianza kushuka wiki uliyofariki, ukazidi kushuka. Mkutanoni walipiga makofi, bosi akaniambia, "Bra jobbat," kazi nzuri kwa Kiswidi chao. Nikasema sifa ni zako, kisha nikaenda kulia chooni kwa jinsi nilivyojivunia.

Ujumbe wako wa mwisho bado ninao kwenye simu: "Ma fille, binti yangu, niliisha kufunga ile koki ya chini. Usisumbuke." Sasa mimi wa Tanga, koki mpya tumeipeleka wenyewe, fundi akiniambia kaifunga, najua kaiweka na kazi imekwisha. Wewe wa Bukavu ulimaanisha umefunga maji. Ulizuia maji ya moto yanayopasha joto vyumba vya nyuma ili Jumatatu uje ubadilishe koki, na Jumatatu hukuiona. Na jinsi tulivyozoea kutaniana kwa maneno haya, wewe ukisema "fungula taa" kwa kuiwasha, mimi nikikuuliza kama ina kufuli.

Wiki iliyopita nilipita kwenye vyumba hivyo vya nyuma. Bi Ingrid, yule aliyekuwa akikumiminia kahawa hata ukikataa, alikuwa amekaa kitini kavaa koti na kofia. Elementi ya ukutani, ile ya kupasha chumba joto, ilikuwa baridi kabisa. Akaniomba radhi kwa kunisumbua. Alishawaambia wahudumu, wakampa blanketi la pili, maana kompyuta ilionyesha jengo liko sawa. Nikashuka chini mbio. Koki ya zamani imefungwa, mpya imo kwenye boksi lake. Nikaizungusha ile ya zamani kuifungua, mara ya kwanza ikagoma.

Maji yanapita sasa. Lakini Bi Ingrid amelazwa hospitali ya Flemingsberg, mapafu. Simu ikiita naangalia kwanza kama ni hospitali. Naogopa nitakachoambiwa. Naogopa jina lako kutajwa vibaya na Furaha akasikia, na wewe hupo wa kujieleza.

Leo bosi ameuliza mbona mstari umepanda. Ningesema ni baridi ya nje angekubali, na kusema kweli, nilitaka kusema hivyo. Nikamwambia nitamjibu kesho. Nakuahidi nitamweleza yote, na nitasema wewe ulisema sawasawa kwa Kiswahili chenu, mimi ndiye niliyesikia kwa Kiswahili chetu.

Ila asubuhi naanzia Flemingsberg, nimwambie Bi Ingrid chumba chake kina joto. Pumzika, Baba Furaha. Niombee nimkute.

Mwanao wa kazini,
Neema