Justa Alitwambia

Igoma,
Mwanza.
17 Agosti 1997

Mpendwa Baba Mdogo Masalu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepoa. Mama Mdogo Odeta anaendeleaje? Na Rose, amekwishazoea shule ya bweni? Sisi huku tunapumua. Mama anatembea vizuri, ila amepungua, hali chakula kama zamani. Baba ameuza pamba kwa hawa wanunuzi binafsi wanaokuja na mizani yao wenyewe, na bado ananung'unika.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilianza kukuandikia mara nyingi, nikachana karatasi kwa aibu.

Huenda redio imekufikishia habari kwamba polisi wamemkamata mtu aliyekuwa akikodiwa kuwaua kwa panga vikongwe wanaosingiziwa uchawi katika vijiji vya Magu. Mtu huyo ni Malimi, aliyekuwa mume wa dada Justa. Amekiri vifo vya akina bibi wanne. Mmoja wao ni bibi Ng'washi wa ng'ambo ya bonde, yule aliyekuwa akitugawia michembe, vile viazi vikavu, tukitoka shule.

Juma lililopita wakamchukua na Justa, pale Buzuruga anapokaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka kiwandani kwetu. Aliachana na Malimi tangu mwaka juzi, lakini mpelelezi anasema hilo halimsaidii. Alikaa naye nyumba moja, akaona, akanyamaza, na kumficha muuaji ni kosa.

Huku kila mtu amekuwa hakimu. Nilipopita Buzuruga niliwakuta wauzaji wenzake wakibishana kando ya jiko lake lililozimika. Mmoja alisema, "Alifua mashati yake miaka yote hiyo, leo aseme hakujua?" Mwingine akamjibu, "Wewe wa kwako analala wapi Jumamosi? Hilo tu hulijui, ungejua ya panga?" Wakacheka, kisha wakaniona, wakageukia vikaango vyao.

Kazini wananiita Shemeji. "Shemeji, leo umekuja na kalamu au na panga?" Mimi hutabasamu na kuendelea kuandika uzito wa samaki. Kiwanda kinapunguza watu, na kila nikiitwa ofisini nadhani zamu yangu imefika.

Alhamisi niliruhusiwa kumwona dada. Nilimuuliza kama amemweleza mpelelezi kwamba alikuja nyumbani Kisesa akasema. Alisema hapana. Ameandikisha kwamba hakumwambia mtu yeyote. "Baba akiingia humu hatoki mzima," alinijibu. "Na wewe, mdogo wangu, nyamaza, ulinde kazi yako."

Baba Mdogo, wewe ulikuwapo. Ilikuwa likizo ya Desemba, nikiwa kidato cha tatu. Justa alikuja na kifurushi chake, akaeleza mbele ya kikao kwamba mumewe hurudi alfajiri na shati lenye damu, huliloweka mwenyewe kabla ya kumsalimu mtu, na hakuna mbuzi wala ng'ombe aliyemchinja. Baba aliuliza jambo moja tu: akiacha ndoa, mahari itarudishwa kwa ng'ombe gani? Wengi walikuwa wamekwishauzwa nisome. Ndipo wewe uliposema, "Mwanamke akiogopa shati la mume, si ataogopa na suruali?"

Kikao kizima kilicheka. Nilicheka na mimi. Kesho yake tulimsindikiza kurudi kwa Malimi, na mimi ndiye niliyembebea kifurushi. Bibi Ng'washi aliuawa miezi michache baadaye.

Sikukumbushi haya kwa kukukosea adabu. Wala sisemi Justa hana lawama hata kidogo. Alipohamia Buzuruga angeweza kwenda polisi, hakwenda, na hilo nashindwa kumtetea hata moyoni mwangu. Pengine alikwishajifunza kwetu kwamba akisema atachekwa. Lakini mtu aliyesema, akarudishwa na ndugu zake mwenyewe, sheria itamshtaki vipi peke yake kwa kunyamaza? Sisi tuliosikia tulijaa chumba kizima.

Baba amenikataza kufungua mdomo. Anasema mwana hampeleki mzazi wake polisi. Mama anashinda jikoni. Namwogopa Baba, namwogopa mpelelezi, na ninaogopa kwamba jina langu likitajwa mahakamani sitakuwa na kazi. Lakini Jumatano nimeomba ruhusa, nakwenda kuandikisha maelezo kwamba Justa alitwambia.

Barua hii itakapokufikia nitakuwa nimekwishasema. Mpelelezi ataniuliza nani mwingine alisikia, maana neno la mdogo wake peke yake halitamtosha, na Baba atakana. Nitalitaja jina lako, Baba Mdogo. Nimeona si vizuri ulisikie kwa polisi kabla ya kulisikia kwangu.

Nisalimie Mama Mdogo Odeta. Rose umwambie kwamba dada yake Justa anamkumbuka. Mama anawasalimu wote. Baba hajui kwamba nimekuandikia.

Mungu akulinde na kifua hicho, na akupe moyo wa kupanda treni uje.

Mwanao akupendaye, na ambaye bado anakuheshimu,

Jonathan Chenge