Jina la Mama Kwenye Karatasi ya Mlangoni

Jumamosi, 21 Desemba

Mama amelazwa leo. Upasuaji Jumatatu asubuhi. Kaka ametuma picha: mama kitandani, kitenge chake mwenyewe juu ya shuka la hospitali, amekunja uso kwa sababu hapendi kupigwa picha bila kilemba. Nimecheka peke yangu jikoni hadi jirani wa juu akagonga sakafu yake. Miezi kumi na minne nipo ugenini, na huko kugonga ndiko mazungumzo yetu pekee.

Siogopi. Nimeandika hivyo ili nikisoma kesho niamini.

Jumatatu, 23 Desemba

Kazini tangu saa kumi na mbili. Shuka za hoteli, shuka, shuka — sikukuu watu wanalala sana. Simu niliificha kifuani maana msimamizi wa dobi hataki kuiona. Saa nane ikatetemeka. Kaka: ametoka salama, ana usingizi wa dawa. Nikakaa juu ya rundo la mataulo nikalia. Msimamizi akauliza kama nimeungua na mashine ya pasi. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Nimeamua: Krismasi naenda kanisani. Lile la mawe, nyuma ya kituo cha basi. Napita hapo kila siku na sijawahi kuingia. Mtu hawezi kushukuru jikoni tu kila siku.

Jumatano, 25 Desemba

Niandike kwa mpangilio.

Ibada ilikuwa saa nne. Mlangoni meza, karatasi ndefu, kalamu imefungwa kwa uzi. Watu wanaandika majina, kila mmoja taratibu. Lugha yao mimi najua ya kazini tu: kunja, haraka, moto, bado. Maneno ya juu ya karatasi sikuyaelewa, wala sikujali. Kwetu karatasi ya mlangoni ni ya wagonjwa na wasafiri. Nikaandika majina ya mama, yote matatu, kwa herufi kubwa. Lile la ukoo nikalipigia mstari wasije wakalikosea.

Nilikaa na bibi mmoja mwenye kofia ya sufu. Nyimbo nilizijua kwa sauti, nikaimba maneno ya kwetu, hakuna aliyegeuka. Baada ya mahubiri mchungaji akaanza kusoma majina. Kila jina, mshumaa mmoja, na jamaa zake wanasimama. La mama alilivunjavunja lakini akalimaliza. Nikasimama. Nikatabasamu! Mbele ya kanisa zima, nikapunga hata mkono kidogo. Bibi wa kofia akanishika kiganja, macho yamejaa machozi. Nikajisemea, kumbe hawa watu wana upendo, nilikuwa nawasingizia bure.

Ibada ilipokwisha wakajipanga nje kunipa mkono, mmoja mmoja. Bibi wa kofia ni mwalimu mstaafu, Kiingereza chake cha kubabaisha sawa na changu. Akaniuliza mama alifariki mwezi gani.

Hajafariki, nikamwambia. Anaumwa tu, amepasuliwa juzi.

Akanieleza polepole, huku ameshika mkono wangu. Karatasi ile ni ya marehemu wa mwaka huu. Husomwa kila Krismasi.

Nilirudi ndani mbio. Nikaikuta karatasi mimbarani, nikalifuta jina kwa kalamu hadi karatasi ikatoboka. Mshumaa wa mama ulikuwa wa nne kutoka kushoto. Nikamwomba mchungaji autoe. Mtu mpole kweli. Akasema Mungu si karani, hasomi karatasi zetu, akainama akaupuliza. Moshi ukapanda. Nikabaki nautazama, na hapo ndipo nilipojiuliza lipi baya zaidi, kumwashia mama mshumaa wa marehemu au kumzimia.

Bibi akaniandikia namba yake ya simu kwenye bahasha. Nikaondoka bila kuaga vizuri.

Nyumbani nikapiga simu. Wifi akapokea. Mama anaendelea vizuri, amelala. Nikauliza kama ameniulizia. Akasema sana. Habari ya kanisani sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Alhamisi, 26 Desemba

Dobi nusu siku. Nimeunguza foronya mbili, safari hii kweli.

Nilipiga saa mbili: mama amelala. Saa sita: amelala. Saa kumi: yuko na daktari, na simu haina chaji. Mama yangu! Kifuniko cha sufuria kikidondoka kwa jirani yeye ameshaamka anauliza ni nini. Leo amelala kutwa nzima.

Jioni kaka akapiga mwenyewe. Kaka ambaye tangu simu ziingie nyumbani kwetu yeye hubipu tu. Akauliza nimekula nini. Akauliza habari za baridi. Kisha akasema nimpe namba ya mtu wa karibu nami huku, ya dharura tu, si unajua mambo ya ugenini. Nikawaza, mtu gani? Nikampa ya bibi wa kofia, na anwani ya hapa ninapoishi akaiandika pia. Niliona hata fahari kidogo kuwa na mtu wa kumtaja.

Nikauliza, na mama? Akasema tuzidi kuomba. Jana walisema anaendelea vizuri. Anayeendelea vizuri haombewi kwa sauti ile.

Ijumaa, 27 Desemba

Saa tatu asubuhi. Zamu yangu ni ya mchana lakini nimeshavaa.

Kaka amepiga saa mbili na nusu. Umekula? Nimekula. Uko na nani hapo? Peke yangu. Akakohoa. Akasema basi, atapiga tena baada ya kidogo, nisitoke, na kazini niwaambie sitakwenda.

Naijua simu hiyo. Baba alipofariki ni mimi niliyempigia mdogo wetu wa mwisho, akiwa bwenini. Nikamwuliza vivyo hivyo, umekula, uko na nani, na sikusema neno hadi matroni alipokaa kando yake. Kwetu mtu hapewi msiba akiwa peke yake. Haifanyiki kabisa.

Kengele ya mlango.

Nimechungulia dirishani. Bibi wa kofia ya sufu, na mchungaji. Hawakuwa wameniambia wanakuja. Mchungaji amevua glavu zake, anazihamisha mkono huu na huu.

Nimerudi kitandani na daftari. Sasa simu nayo inaita. Ni kaka. Atakuwa ameambiwa wameshafika.

Mama, ni mimi niliyekuandika. Kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, na mstari chini. Najua karatasi haiui mtu. Najua, na bado siwezi kuinuka.

Simu imekatika. Imeanza tena. Kengele nayo. Bibi ananiita kwa jina, anajitahidi kulitamka sawasawa. Jirani wa juu ametulia, leo hagongi.

Wakiingia tutakuwa watatu, na kaka ataweza kusema. Sifungui. Kengele mara ya tatu. Niko peke yangu, kaka. Bado niko peke yangu.