Raketi Aliyoichagua Mama

Alhamisi, mwezi wa sita

Na ilikuwa nyepesi, ile nyekundu. Niliishika mara moja tu pale sokoni Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mkono ukaikubali. Lakini mama anauza sufuria, na kwake sufuria nzuri ni ile nzito. Alizipima raketi zote za mpira wa meza kiganjani, akazigonga kwa kidole huku akisikiliza, kisha akamwambia muuzaji, "Nipe hii yenye mwili. Hiyo nyekundu ni ganda tu."

Ningembishia vipi mama mbele ya mfanyabiashara mwenzake?

Leo mazoezini mkono ulichelewa kila mpira. Subira, niliyemfunga wiki iliyopita, alicheka mpaka akakaa chini. "We dada, umekuja kucheza au kutwanga?" Mwalimu hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Jumamosi anachagua wasichana wawili wa kwenda mashindano ya mkoa. Raketi ya shule sasa anayo Subira. Nilimwachia mwenyewe, kwa kujidai kwamba nanunuliwa yangu.

Sioni njia. Nimechoka hata kulia.

Jioni nilimkuta mama akiigonga raketi yangu mbele ya jirani. "Sikia hiyo! Huyu haendi kuaibika." Akanigeukia. "Imekufaa, mwanangu?"

"Nzito kidogo, mama."

Aliigeuza huku na huku, kama sufuria iliyorudishwa na mteja. Kisha akasema taratibu, "Basi kesho uchote maji kwa mkono huo wa raketi, uzoee uzito."

Mkono hauwi mpya kwa siku moja, najua. Lakini ndoo nimeshaiweka mlangoni.