Maji ya Mgeni Mwamapalala

Mdogo wangu Rehema,

Mwangaluka! Ndivyo tunavyosalimiana asubuhi huku kwa wakwe zangu, Mwamapalala. Mto umebaki mchanga mtupu, na maji tunayafukua humo humo wanamonywea ng'ombe.

Jana alikuja mheshimiwa kutuambia bomba liko kwenye mchakato, tuvute subira. Mezani kwake zimepangwa chupa za maji baridi! Mama mkwe akachota yetu kwenye kibuyu, rangi kama chai ya maziwa, akampigia magoti: "Karibu maji, baba." Huku mwanamke akishampigia mgeni magoti, hainuki mpaka mgeni apokee. Mheshimiwa akacheka, eti hana kiu. Mama hakuinuka. Wanawake wote tukapiga magoti nyuma yake, hata mimi ninayenunaga nikiambiwa nipige. Hotuba ikakatika. Mwishowe akanywa funda moja, amefumba macho.

Mama akainuka, akajikung'uta mchanga. "Haya baba, sasa rudia ile ya subira."

Mheshimiwa akaenda kupanda gari lake.

Nisalimie wanao, uwakumbatie. Magoti yananiuma, lakini akija tena na subira yake, nitayapiga tena.

Dada yako akupendaye,
Zawadi